Papa Mdogo wa Vilindini

Mtu wa Malindi au Kilifi akitajiwa papa, mawazo yake huenda kwa samaki mkubwa: yule akataye mshipi kwa pigo moja, yule araruaye jarife la watu usiku, au yule papa shilingi mwenye madoa meupe mgongoni, ambaye hupita nje ya miamba ya Watamu akiwa na urefu wa mashua nzima. Mtu wa bara naye, ambaye pengine hajapata kuiona bahari, humjua papa kwa ng'onda iuzwayo sokoni, au kwa hadithi za mabaharia walioliwa. Wote wawili hawakukosea, maana papa wa namna hizo wako. Lakini katika bahari hiyo hiyo, tena si mbali na pwani, wako papa wengine ambao hawafiki urefu wa rula ya karani. Hawajapata kumdhuru mtu hata mmoja. Hawaji juu kuota jua, wala hawaingii katika mitego ya ufukoni. Maisha yao yote huyamaliza gizani, juu ya tope la vilindini, na walio wengi miongoni mwetu hufa bila kujua kwamba wako.

Huenda msomaji akauliza, "Basi mnyama mdogo kama huyo atufaa nini, sisi tulio na mashamba ya kulima na kazi za ofisini?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla ya kumaliza. Kwanza yafaa tumjue mwenyewe, na mahali akaapo, na jinsi aishivyo.

BARAZA YA BAHARI

Ardhi haikomi pale mawimbi yapigapo mchanga. Huendelea chini ya maji kama baraza ya nyumba, ikitelemka polepole, na juu ya baraza hiyo ndipo wavuvi wetu wapatapo changu, tafi, kamba na pweza. Kisha baraza hukoma, na ardhi huanguka kwenda chini kama ukingo wa mlima. Katika sehemu kubwa ya pwani ya Kenya baraza hiyo ni nyembamba sana, kilomita tatu hadi tano tu. Kaskazini ya Malindi, katika Ghuba ya Ungwana ambamo mto Tana humwaga maji yake, hupanuka hata kufikia kilomita 60 hivi. Kwa hiyo nahodha atokaye katika mkono wa bahari wa Kilifi na kuelekea mashariki hana haja ya kusafiri siku nzima ili afike penye kina kirefu. Akivuka miamba na kuendelea kitambo kidogo, tayari chini ya mkuku wa chombo chake kuna zaidi ya mita 200 za maji. Hizo ni pima mia na zaidi, au kwa kipimo cha mkulima, minazi kumi mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya utosi wa mwenzake.

Huko chini hali ni nyingine kabisa. Nuru ya jua ifikapo mita 200 imekwisha dhoofika, hata haibaki sehemu moja katika mia ya ile iliyo juu, na kila uzidipo kushuka giza huzidi. Juu ya bahari maji yana joto la digrii 25 hadi 30, lakini kwenye mita 300 ni digrii 12 au 13 hivi, baridi kama ya asubuhi ya Limuru. Tena uko uzito wa maji yenyewe. Kila mita kumi ushukazo huongeza uzito wa karibu kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Basi kwenye mita 300 ni kana kwamba mtu ameweka mzigo wa kilo 30 juu ya ukucha wa kidole gumba chako, na mzigo mwingine kama huo juu ya kila sehemu ya mwili iliyo sawa na ukucha huo.

Chakula nacho ni haba. Mimea haiwezi kuota pasipo nuru, kwa hiyo viumbe vya vilindini hungojea makombo ya wale wa juu: mizoga, magamba, kinyesi, na vumbi laini la viumbe vidogo vilivyokufa, ambalo hunyesha usiku na mchana kama manyunyu yasiyokatika. Katika pwani ya Malindi kuna kitu kingine pia. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, huleta udongo wa nchi za bara, na wakati wa mvua bahari ya Malindi hugeuka kuwa nyekundu kama chai. Mkulima wa Machakos aonaye udongo wa shamba lake ukichukuliwa na maji na ajue kwamba safari ya udongo huo haikomi mtoni. Huingia baharini, huchafua maji ya miamba, na sehemu yake huenda kutua mbali na pwani.

PAPA MKENUAJI NA NDUGU ZAKE

Miongoni mwa wakazi wa nchi hiyo ya giza yuko papa ambaye wataalamu humwita Holohalaelurus grennian. Wavuvi wetu hawana jina lake mahususi, kwa sababu hawamwoni. Yeye ni wa jamii kubwa ya papa ambao Wazungu wamewaita papa-paka, kwa ajili ya macho yao marefu yaliyo kama ya paka. Urefu wake waliopimwa haukufika sentimita 30. Kichwa chake ni kipana na bapa, mfano wa kijiko kikubwa, kisha mwili hupungua kwenda nyuma hata kuishia katika mkia mwembamba. Mapezi yake mawili ya mgongoni ni madogo, nayo yamekaa nyuma sana. Ngozi ni ya rangi ya manjano na kahawia, imejaa madoa mengi meusimeusi, kana kwamba mtu amemrushia matone ya wino. Lakini jambo limtambulishalo ni kinywa chake, ambacho ni kikubwa na kipana kwa mnyama wa kadiri yake, hata mtu amtazamapo kwa mbele huona kama acheka. Ndiyo maana akapewa jina la grennian, neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kukenua meno. Sisi tukimwita papa mkenuaji hatutakuwa tumekosea.

Jina hilo si la zamani. Alilipata mwaka 2006, wakati mtaalamu Brett Human alipoikagua upya jamii yote ya papa hawa, akalinganisha mmoja mmoja waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, akaona kwamba miongoni mwao zimechanganywa aina mbalimbali chini ya majina yasiyo yao. Katika kazi hiyo aina mbili zilitambuliwa kuwa mpya: huyu wa Afrika Mashariki, na mwingine wa kusini, Holohalaelurus favus, ambaye madoa yake yamepangika kama masega ya nyuki. Tazama basi: mnyama alikuwa amevuliwa, amewekwa chupani na kuandikiwa kipande cha karatasi, na bado hakujulikana kuwa yeye ni nani. Karani yeyote aliyepata kutafuta faili iliyowekwa katika kabati lisilo lake ataelewa mambo yalivyokuwa.

Yuko pia ndugu yake, Holohalaelurus melanostigma, ambaye habari zake zatukumbusha safari moja mashuhuri. Mwezi wa Septemba 1933 meli ya Kimisri iitwayo Mabahiss ilitweka nanga Alexandria kwenda kuchunguza Bahari ya Hindi. Mkuu wa wataalamu alikuwa Seymour Sewell, na gharama zilitoka katika urithi wa Sir John Murray, mtaalamu wa bahari aliyekwisha fariki. Safari hiyo iliendelea hata mwezi wa Mei 1934, nayo ilifika katika maji ya Mombasa na Unguja. Mabaharia wa Misri walitelemsha nyavu mpaka vilindini na kuzikokota juu ya tope. Samaki waliopatikana walipelekwa London, wakachunguzwa na J. R. Norman, na mwaka 1939 alichapisha habari zao, papa huyu akiwa miongoni mwao.

Wa tatu wa kutajwa ni mdogo zaidi, naye ni wa jamii nyingine. Jina lake ni Eridacnis radcliffei, naye alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913 na Mmarekani Hugh M. Smith, kutokana na samaki waliovuliwa visiwa vya Philippines. Baadaye alionekana India, Ghuba ya Aden, na huku kwetu katika maji ya Tanzania. Urefu wake hauzidi sentimita 24. Mwili ni wa kahawia iliyokoza, na mkia wake ni mrefu na mwembamba kama utepe, wenye mistari myeusi. Huyu huishi juu ya matope, kutoka mita 70 hivi hadi zaidi ya mita 700. Ni mmoja wa papa wadogo kuliko wote duniani. Mdogo zaidi yake ni papa wa bahari ya Colombia na Venezuela, ambaye hufika sentimita 20 tu.

Wala mtu asidhani kwamba hawa ni vioja vichache. Aina za papa zijulikanazo duniani ni zaidi ya 500, na karibu nusu ya aina hizo huishi chini ya mita 200. Kwa hiyo papa mkubwa wa juu, ambaye ndiye tumwogopaye na kumsimulia, hawakilishi kabila lake. Walio wengi ni hawa wanyenyekevu wa gizani.

JINSI AWEZAVYO KUISHI

Watu wengi hushangaa mnyama huyu asivyopondwa na uzito wa maji. Siri yake si ya ajabu. Kitu kiwezacho kupondwa kwa urahisi ni hewa. Samaki wengi, kama vile chewa na changu, wana kifuko cha hewa tumboni kiwasaidiacho kuelea, ndiyo maana ukimvuta chewa haraka kutoka kina kirefu hufika juu tumbo limefura na utumbo umemtoka kinywani. Papa hana kifuko hicho. Mwili wake ni nyama, maji na mafuta, na vitu hivyo havibanwi sana. Mifupa yake nayo si mifupa halisi bali ni gegedu, kama ile iliyo katika sikio la mwanadamu, nayo ni nyepesi.

Kuna na jambo jingine, ambalo kila mwanamke wa pwani atengenezaye ng'onda analijua kwa pua yake. Damu na nyama ya papa zimejaa kitu kiitwacho urea, kile kile kilicho katika mkojo. Kwa kitu hicho papa huufanya mwili wake ulingane na chumvi ya bahari, usije ukakaushwa na maji yenyewe. Urea ikizidi huharibu nyama ya mwili, basi papa huwa na dawa yake, kitu kingine kiizuiacho isidhuru, na hicho hicho huzisaidia chembe za mwili kustahimili uzito wa vilindini. Papa akifa, vijidudu huivunja ile urea ikawa amonia, na harufu kali huanza. Ndiyo maana wazee wetu walifundisha kwamba papa hangojwi: apasuliwe, aoshwe na kutiwa chumvi siku ile ile. Hawakuwa na maabara, lakini kazi yao ilikuwa sahihi.

Badala ya kifuko cha hewa, papa hutegemea ini lake, ambalo lina mafuta mepesi kuliko maji. Mafuta hayo ndiyo sifa, ambayo mafundi wa vyombo wa Lamu na Malindi walikuwa wakiyapaka mbao za jahazi na mashua zisile maji. Katika baadhi ya papa wa vilindini ini huweza kufika robo ya uzito wa mwili. Mwaka 1906 Mjapani Mitsumaru Tsujimoto alipata humo mafuta ya namna ya pekee, ambayo baadaye yaliitwa skwaleni. Leo hutiwa katika mafuta ya kujipaka, na katika baadhi ya chanjo. Yafaa tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Katika giza, papa huyu huona vizuri. Nyuma ya jicho lake kuna utando ung'aao uirudishao nuru mara ya pili, kama ule wa ng'ombe au paka umwonao macho yake yakiwaka umulikapo kurunzi usiku. Pua yake ni hodari. Lakini ajabu kubwa kuliko zote ni vitundu vidogo vilivyotapakaa katika pua na kichwa chake, vilivyojaa ute. Mwitalia Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678, lakini kazi yake haikufahamika mpaka karne ya ishirini. Kila kiumbe hai, moyo wake ukipiga na misuli yake ikitikisika, hutoa umeme hafifu sana. Vitundu vile huusikia umeme huo. Basi kamba aliyejifukia ndani ya tope, asiyeonekana wala kutoa harufu, bado hawezi kujificha, kwa sababu moyo wake mwenyewe humsaliti. Kwa njia hii papa wadogo wa vilindini hupata kamba, ngisi na samaki wadogo, ambao ndio riziki yao.

UZAZI WA POLEPOLE

Sasa tumefika penye kiini cha habari yetu. Nguru mmoja jike, samaki ajulikanaye katika kila soko la pwani, huweza kutaga mayai mamia ya elfu. Mengi huliwa, lakini hata yakibaki machache ukoo huendelea. Yeye ni kama mkulima arushaye mtama shambani kwa kiganja, bila kujali chache ziliwazo na ndege. Papa si hivyo. Yeye ni kama mwenye ng'ombe, ambaye mtaji wake wote umo katika ndama mmoja.

Papa-paka wa jamii ya mkenuaji hutaga mayai. Ndugu yao wa Afrika Kusini aitwaye izak, ambaye amechunguzwa sana, hubeba yai moja katika kila upande wa tumbo, yaani mawili kwa mara moja. Yai la papa-paka si kama la kuku. Ni mfuko mgumu kama ngozi ya kiatu, wenye pembe nne, na ndani yake mtoto hukaa miezi mingi akila kiini cha yai polepole katika maji ya baridi, mpaka atoke akiwa papa kamili, mwenye meno tayari. Baada ya hapo mama hana habari naye tena.

Yule mwenye mkia wa utepe ana desturi nyingine. Mayai hayatoki nje. Huanguliwa ndani ya tumbo la mama, na watoto huzaliwa hai, mmoja au wawili tu. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa karibu sentimita 11, na mama mwenyewe hazidi sentimita 24. Fikiri, ewe msomaji, mzigo wa mama huyo! Ni kana kwamba mwanamke amezaa mtoto afikaye kiunoni pake. Lakini faida ipo: mtoto mkubwa hamezwi kwa urahisi, na huanza kuwinda mara moja. Mungu hakumpa wingi, amempa watoto walio tayari kwa maisha.

Katika baridi na uhaba wa chakula, viumbe vingi vya vilindini hukua polepole. Papa mmoja wa bahari za baridi, mwenye miiba mgongoni, hubeba mimba kwa muda wa karibu miaka miwili. Papa wa Greenland, kwa hesabu iliyotolewa na wataalamu mwaka 2016, huweza kuishi zaidi ya miaka 200. Kila karani wa benki anajua tofauti ya rasilimali na faida. Mwenye shilingi elfu zinazoleta faida ya shilingi ishirini kwa mwaka akitumia ishirini, hatafilisika. Akitumia mia kila mwaka, siku yaja atakapofungua kitabu chake aone sifuri. Nguru ana faida kubwa kila mwaka. Papa wa vilindini ana faida ndogo sana, na mwenye kumvua kama nguru hali faida, bali ala rasilimali.

YALIYOWAPATA WENGINE

Haya si maneno ya kutishana. Yamekwisha tokea. Visiwani Maldives, kuanzia miaka ya 1980, watu walianza kuwavua papa wa vilindini kwa ajili ya ini lao, kwa kuwa yale mafuta ya skwaleni yalikuwa na bei nzuri. Kwa miaka michache fedha ilikuja, kisha papa wakapungua ghafula na kazi ile ikafa. Mwaka 2010 serikali ya Maldives ilipiga marufuku uvuvi wote wa papa. Waliotajirika ni wachache, na waliokuja nyuma yao walikuta bahari tupu.

Mfano wa pili u karibu zaidi nasi, maana wahusika ni ndugu wa damu wa papa mkenuaji. Katika bahari ya Natal na kusini ya Msumbiji, yule mwenye madoa ya masega alikuwa akipatikana mara kwa mara katika nyavu za utafiti. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 alikoma kuonekana kwa miaka mingi, ingawa watu waliendelea kutafuta. Yeye na mwenzake wa huko, Holohalaelurus punctatus, wakaandikwa katika hesabu ya viumbe vilivyo hatarini. Hakuna aliyewavua kwa makusudi, wala hakuna soko la nyama yao. Mahali pao pa kuishi palikuwa ni mahali pa kukokotwa nyavu za kamba. Tena kumbuka kwamba jina la huyo wa kwanza lilitolewa mwaka 2006. Yaani alipotea kwanza, akapewa jina baadaye.

Katika Ghuba ya Ungwana meli za kukokota nyavu zimekuwa zikitafuta kamba tangu miaka ya 1970. Mara nyingi pamekuwa na ugomvi kati yao na wavuvi wa mashua, ambao huona nyavu zao zikikatwa na samaki wadogo wakitupwa wakiwa wamekufa. Mwaka 2006 kazi hiyo ilisimamishwa, na mwaka 2011 ikaanza tena kwa masharti. Hatusemi kwamba meli hizo ni uovu mtupu, kwa maana huwapa watu kazi na kuiletea nchi fedha, na mwenye njaa haambiwi asile. Lakini wavu wa kukokota hauchagui. Humchukua kamba pamoja na jirani zake wote. Na kila samaki wa juu wapunguapo, macho ya watu huelekea vilindini. Hilo ndilo jambo la kuangaliwa mapema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa papa wa vilindini ukuta huo haujengwi katika umri wa mtu mmoja.

YALIYO MIKONONI MWETU

Sasa tulijibu lile swali la kwanza: mnyama mdogo huyu atufaa nini? Jibu la kwanza ni kwamba yeye ni kama kipimo. Akiendelea kuishi, twajua kwamba nchi ya vilindini ni nzima. Na kamba wa maji marefu, ambao watu wangependa kuwavua, huishi katika nchi hiyo hiyo. Jibu la pili ni kwamba hakuna ajuaye thamani ya kitu kabla ya kukijua kitu chenyewe. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Tena pwani ya Malindi imekwisha tufundisha kwamba vilindi vyake vina siri. Mwezi wa Aprili 2001 meli ya kukokota nyavu ilimpata nje ya Malindi samaki wa ajabu, mwenye urefu wa karibu mita 1.7 na uzito wa kilo 77. Alikuwa ni silikanti, wa kwanza kujulikana katika maji ya Kenya. Ukoo wa samaki huyo ulidhaniwa kuwa ulikwisha duniani miaka milioni 65 hivi iliyopita, mpaka Desemba 1938, nahodha Hendrik Goosen alipomleta mmoja katika bandari ya East London, Afrika Kusini, na Bibi Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho akakataa kumwacha atupwe. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao wakawa wakiwanasa silikanti, hasa upande wa Tanga, katika majarife ya papa yaliyotegwa maji marefu. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ikatenga hifadhi ya bahari huko Tanga kwa ajili yao. Yote hayo yalianza kwa nahodha ambaye hakudharau samaki asiyemjua, na mwanamke ambaye alimtazama mara mbili.

Basi mvuvi wa Malindi, Mayungu, Watamu au Kilifi akipata katika mshipi wa maji marefu papa mdogo mwenye madoa au mkia wa utepe, asimtupe kwa kudhani ni mtoto wa papa mkubwa. Kumtambua kama ni mzima au mchanga si vigumu kwa dume: papa dume ana vijiti viwili chini ya tumbo, karibu na mapezi ya nyuma. Vikiwa virefu na vigumu, huyo ni mtu mzima hata akiwa na urefu wa shibiri moja. Amtie katika barafu, aandike siku, mahali, na kina kwa pima, kisha ampeleke kwa afisa wa uvuvi, au kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo wake, ili habari zifike katika taasisi ya utafiti wa bahari iliyoko Mombasa tangu mwaka 1979, au katika Makumbusho ya Taifa. Maneno hayo matatu, siku, mahali na kina, yana thamani kuliko samaki mwenyewe. Samaki asiye na habari ni kama barua isiyo na anwani.

Na akimwona angali hai, na hana haja naye, amrudishe majini upesi, ingawa wengi watokao vilindini hawaishi baada ya kuvutwa juu. Mkulima wa bara naye ana sehemu yake: kila tuta la kuzuia mmomonyoko, kila mti upandwao kando ya Athi, huupunguza udongo ushukao Sabaki. Na karani aketiye mezani, asiyelima wala kuvua, anaweza kuwasomea wengine habari hizi, maana jambo lisilojulikana halina mtetezi. Papa mkubwa ana meno ya kujitetea. Huyu mdogo hana ila kinywa cha kucheka.